Maji Yaliyofungiwa Ndani ya Mbao

Wanachama wetu wajua kwamba karafuu haitazamwi rangi tu. Huvunjwa kwa vidole: ikikatika kwa mlio ni kavu, ikipindana bado ina maji, na ikitiwa guniani itafanya ukungu. Hayo twayajua tangu utotoni. Lakini mbao twazinunua leo na kuzipigia misumari kesho.

Hatuwasemi wengine. Mlango wa ghala letu tuliuchongesha kwa mbao za mfenesi zilizoanikwa juani wiki mbili tu. Kaskazi moja haikwisha, ukapasuka, na fedha zetu zikapotea.

Sababu ni hii. Maji ya ndani ya mti hupita upesi kwa kufuata urefu wa nyuzi. Kwa kuzikata nyuzi hupita kwa taabu. Nje ikikauka mbele ya ndani, nje hutaka kunywea, na ndani hakukubali. Ndipo ubao unapopasuka. Mwaloni mweupe wa Ulaya una shida zaidi, maana mishipa yake imezibika. Ndiyo sababu hufanyiwa mapipa yasiyovuja.

Huko Uingereza wataalamu wamejaribu kuutoboa mwaloni huo kwa leza, yaani mwanga uliokusanywa pamoja hata ukaweza kuchoma. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Ile itumiayo hewa ya ukaa, ifaayo sana kukatia mbao, ilipatikana mwaka 1964. Matundu yake ni membamba mno, nayo huzikata nyuzi, hata maji ya ndani yakapata mlango. Hasara yake ni kwamba huacha alama, na yakizidi hupunguza nguvu za ubao.

Leza hatuna, lakini shabaha ni moja: nje na ndani zikauke pamoja. Mwenye leza huharakisha ndani. Sisi tuipunguzie nje haraka. Basi, pangeni mbao kivulini, juu ya magogo, mkizitenga kwa vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Ncha zipakeni rangi ya mafuta au nta, kwani hapo maji hutoka upesi na nyufa huanzia hapo. Juu wekeni mawe zisipindike.

Kisha pimeni ubao mmoja kila wiki. Uzito usipopungua tena, mwiteni seremala. Mizani tunazo, tulilokosa ni subira.