Mahali pa Kumwekea Bundi Sanduku Lake

Wasikilizaji wetu, kila mkulima amjua panya wa shamba. Mahindi hayajaota, yeye amekwisha kuyafukua. Na yakiingia ghalani, yeye amefika kabla ya mwenyewe. Jike lake huzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, hata mitego ikashindwa. Leo twapenda kueleza habari za msaidizi ambaye wengi wetu humfukuza kwa mawe, naye ni bundi mweupe, yule mwenye uso wa mfano wa moyo.

Twajua ya kuwa watu husema mlio wake ni mbiu ya kifo. Lakini yeye hulia usiku kwa kuwa usiku ndio saa yake ya kazi, naye huja karibu na nyumba kwa kuwa panya wako huko. Masikio yake, moja juu kidogo kuliko jingine, humwezesha kumkamata panya katika giza lisiloonyesha kitu. Mwenye shaka na atazame chini ya mti alalapo: ataona vitonge alivyovitapika. Akivunja kimoja kwa kijiti atakuta manyoya, mifupa na mafuvu ya panya.

Ndege huyu hajengi kiota. Hutaga katika pango la mti mkubwa, au darini, au katika kiota kilichoachwa na fundichuma. Miti mikubwa ikikatwa, hukosa makao. Basi twaweza kumpa sanduku la mbao, lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 40. Mlango wake uwe sentimita 13 kila upande, nao utobolewe juu, sentimita 45 kutoka sakafu, ili makinda wasianguke. Sakafuni yafaa pawe na matundu madogo ya kutoa maji.

Lakini kazi iliyo kubwa ni kuchagua mahali. Kwanza, mlango uelekee shamba lililo wazi, pasipo matawi mbele yake, apate kuingia na kutoka kwa urahisi. Pili, sanduku liwe juu mita 3 au zaidi, na shina lizungushiwe bati, paka na kanu wasipande. Tatu, liwe kivulini. Jua la alasiri hulifanya sanduku kuwa tanuri, makinda wakafa ndani. Wala mlango usielekee upande utokako upepo wa mvua. Nne, liwe mbali na barabara ya magari, maana bundi awindapo huruka chini chini, naye hugongwa. Tano, lisiwe karibu na moshi, makelele, na watoto wenye manati.

Hata mahali pema huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni sumu. Panya aliyeila hafi papo hapo. Bundi akimla, yeye naye huweza kufa, pamoja na makinda yake. Atakaye bundi sharti aache sumu. La pili ni hofu ya majirani. Kabla ya kupiga msumari wa kwanza, tuzungumze na wazee, tukawaonyeshe vile vitonge. Hofu hii si yetu peke yetu. Katika Israel masanduku haya yalianza kutundikwa mashambani mwaka 1983. Na wakulima wa Jordan, ambao kwao pia bundi alihesabiwa kuwa ndege wa nuksi, waliingia katika kazi hiyo mwaka 2002.

Sanduku likiisha kuwekwa, tusilichungulie kila siku. Mayai huatamiwa yapata mwezi mmoja, na makinda hukaa ndani majuma manane au zaidi. Huenda mwaka ukapita asionekane mpangaji, tusikate tamaa. Siku tutakapookota kitonge cha kwanza chini ya sanduku, tutajua ya kuwa mlinzi ameshika zamu.