Simu za Mkononi na Tezi ya Dundumio

Wanafunzi wengi wamekuwa wakiuliza kama mnururisho utokao katika simu ya mkononi waweza kudhuru tezi ya shingoni iitwayo dundumio. Swali hilo si la kudharauliwa, kwani tezi hiyo iko mbele ya koo, karibu na mahali simu inaposhikwa, na imethibitika kuwa baadhi ya minururisho huiharibu upesi. Ili kulijibu, yafaa kwanza kueleza kazi ya tezi yenyewe.

Kazi ya dundumio

Dundumio ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Homoni zake hutawala kasi ya mwili katika kutumia chakula na kutoa joto. Kwa mtoto, huongoza ukuaji wa mifupa na ubongo. Homoni hizo haziwezi kuundwa bila ayodini, ambayo wengi huijua kwa jina la madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Lakini kwa kuwa ayodini ni haba katika vyakula vingi, dundumio huifyonza kutoka katika damu na kuiweka akiba.

Tabia hiyo ndiyo iliyoleta msiba baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kulipuka mwezi Aprili 1986. Ayodini-131, ambayo ni nururifu, ilitawanyika hewani na kuanguka juu ya majani. Ng'ombe waliyala majani hayo, watoto wakanywa maziwa, na dundumio zao zikaikusanya kama kwamba ni ayodini ya kawaida. Kufikia mwaka 2005, wagonjwa zaidi ya 6,000 wa saratani ya dundumio walikuwa wamehesabiwa miongoni mwa watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali, na sehemu isiyo ndogo ya maradhi hayo ilitokana na ayodini hiyo.

Mnururisho wa aina mbili

Je, simu nayo hufanya vivyo hivyo? Hapa ndipo neno moja huwachanganya wengi. Miale ya ayodini-131, kama ile ya eksirei, ina nishati ya kutosha kung'oa elektroni kutoka katika atomu na kuvunja molekuli zinazobeba sifa za urithi. Mawimbi ya simu ni ya jamaa ya mawimbi ya redio. Kung'oa elektroni moja katika atomu ya ayodini kwahitaji elektronivolti 10.5 hivi, ilhali fotoni moja ya wimbi la simu la megahezi 1,800 ina elektronivolti 0.0000074 tu, yaani imepungukiwa zaidi ya mara milioni moja. Wala wingi wa fotoni hautoshi kuziba pengo hilo. Embe likiwa juu kupita uwezo wa kila mtoto kulifikia kwa jiwe, halitaanguka hata watoto wakiwa elfu.

Athari ya mawimbi hayo iliyothibitika ni kupasha mwili joto kidogo. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa vimeweka kikomo cha wati 2 kwa kila kilo ya sehemu ya kichwa au kiwiliwili inayopokea mawimbi.

Ushahidi wa hesabu

Hata hivyo, hoja ya nishati peke yake haitoshi. Sayansi hudai pia hesabu ya wagonjwa. Mwaka 2011 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Lakini ushahidi huo, uliotajwa kuwa mdogo, ulihusu ubongo na neva ya sikio, si dundumio. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 462 wa saratani ya dundumio na watu 498 wasiokuwa nayo, wala hawakuona uhusiano ulio wazi kati ya ugonjwa huo na matumizi ya simu.

Mfano wa Korea Kusini wafundisha zaidi. Mwaka 2011 saratani ya dundumio iligunduliwa huko kwa kiwango cha mara 15 ya kile cha 1993, na katika miaka hiyohiyo simu zilienea kila mahali. Mtu mwenye haraka angeyaunganisha mambo hayo mawili. Lakini vifo havikuongezeka. Kilichoongezeka ni upimaji wa shingo kwa mawimbi ya sauti, uliofichua vivimbe vidogo ambavyo vingi visingemdhuru mtu maishani. Madaktari walipotoa onyo mwaka 2014, upasuaji ulipungua kwa theluthi moja hivi katika muda mfupi, ilhali simu hazikupungua.

Hatari iliyo karibu

Wakati simu ikishutumiwa, adui wa kale wa dundumio husahauliwa. Katika nyanda za juu, ambako mvua imeosha ayodini kutoka udongoni, upungufu wake huvimbisha tezi hiyo na kuleta rovu. Mama mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto huweza kudumaa. Kinga yake ni chumvi iliyotiwa madini joto, ambayo yapasa kuhifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, na kutiwa chakula kikaribiapo kuiva ili madini yasipotee. Mwanafunzi atakaye kuilinda dundumio yake na aanze kwa kuchunguza chumvi iliyomo jikoni mwao.