HIJA YA KEDARNATH NA SWALI LA DAMU YA NDUGU

Hekalu la Kedarnath limejengwa katika milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, kwenye kimo cha mita zipatazo 3,580. Ni mojawapo ya mahali 12 ambapo Wahindu huamini kwamba mungu Shiva alijidhihirisha kwa namna ya nuru. Kwa sababu ya theluji, milango yake hufunguliwa mwezi wa Aprili au Mei, na kufungwa kabla ya majira ya baridi. Ndipo sanamu ya mungu huyo hushushwa kwa machela hadi Ukhimath, na ibada huendelea huko. Mahujaji wengi hupanda kutoka Gaurikund, mwendo wa kilomita zipatazo 16, kwa miguu au kwa farasi.

Hujaji huyu anatafuta nini? Masimulizi ya mahali hapo yanaeleza kwamba ndugu watano, Wapandava, waliwaua jamaa zao katika vita vya Kurukshetra. Walishinda, lakini hawakupata amani. Wakamtafuta Shiva awaondolee hatia, naye hakutaka kuonana nao. Akajigeuza fahali na kuzama ardhini. Nundu yake, husemwa, ndiyo jiwe linaloabudiwa hekaluni, ambalo kwa desturi mahujaji hulipaka samli.

Kwa hiyo tusiharakishe kusema kwamba watu hao wanaabudu jiwe tu. Swali lao ni lile la Mwanzo 4: damu ya ndugu iliyomwagika itaondolewaje? Luther naye, alipokwenda Roma yapata mwaka 1510, alipanda ngazi kwa magoti akimwombea babu yake aliyekwisha kufa.

Mwezi wa Juni 2013 mvua kubwa ilinyesha, na ziwa lililokuwa juu ya hekalu likabomoka. Katika jimbo zima la Uttarakhand watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Hekalu lilisalimika, kwa kuwa jabali lililoporomoka lilikwama nyuma yake na kuyagawa maji. Wengi waliona huo kuwa muujiza. Mkristo naye aweza kushawishika kusema kwamba waliokufa waliadhibiwa kwa ibada yao. Lakini katika Luka 13:4-5 Bwana wetu, akiwataja walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anakataa kabisa kuipima dhambi kwa kuhesabu maiti, na kuwaita walio hai watubu.

Tofauti ya Injili iko mahali pengine. Katika simulizi la Kedarnath wenye hatia wanamtafuta mungu, naye anajificha. Katika Luka 15 baba anamwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Msalabani Mungu hakuwakimbia wenye damu mikononi, bali aliwaombea msamaha.

Hata hivyo, sisi wachungaji hatuna budi kujiuliza kabla ya kumhubiria jirani Mhindu. Je, aliyemdhuru ndugu yake anasikia katika sharika zetu neno la ondoleo, linalosemwa kwake mwenyewe, kama Katekisimu inavyofundisha juu ya maungamo? Au tumemwacha atafute mlima wake, akihama kutoka mkutano mmoja wa maombezi hadi mwingine? Asipolisikia kwetu, tumempa sababu ya kudhani kwamba Mungu wetu naye amejificha.