Kabla Binti Hajapanda Ndege

Huenda jirani yako pale Umoja au Kayole ana binti anayejiandaa kwenda Uarabuni kutafuta riziki. Hebu muulize: ubalozi wetu huko uko mji gani?

Kenya haina ubalozi katika kila nchi. Mwaka 2020, Wakenya waliokwama Lebanon waliwekwa chini ya ubalozi wetu ulioko Kuwait. Beirut kulikuwa na balozi mdogo wa heshima tu.

Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa anayekamatwa ugenini haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Balozi hana ufunguo wa jela, lakini maofisa wake wanaweza kumtembelea mfungwa na kumtafutia wakili.

Basi andikeni simu na anwani ya ubalozi, na nakala ya pasipoti ibaki nyumbani. Majuto ni mjukuu.