Kisu hakikaushi maziwa!

Ukipangiwa kujifungua kwa operesheni, kila mtu ana ushauri wa vitu vya kuweka kwenye begi la hospitali. Wachache sana watakuambia kuhusu usiku wa tatu, mtoto analia, ziwa bado laini, na ukoo mzima una maoni. Haya ndiyo mimi na mume wangu tuliyoyapitia, na tuliyojifunza.

"Aliyepasuliwa hana maziwa." Kauli hii nimeisikia saluni, nimeisikia kwenye vikao vya harusi, na nikiwa na mimba ya miezi minane nimeambiwa usoni na shosti wangu wa ofisini, tena kwa huruma kabisa: "Mwaya, nunua kopo mapema." Dada unayesoma hapa, kama tarehe yako ya operesheni imeshaandikwa kwenye kadi ya kliniki, bila shaka na wewe umeshaambiwa.

Mimi nilipangiwa wiki ya 39. Binti yetu alikuwa ametanguliza makalio na alikataa katakata kugeuka. Kwa hiyo hakukuwa na uchungu wala kukimbizana na teksi usiku wa manane. Tulijua siku, tulijua saa. Na kwa kuwa tulijua, tulikuwa na muda wa kumuuliza mkunga maswali kabla ya siku yenyewe. Hiyo ndiyo faida kubwa ya operesheni ya kupanga, itumieni.

NANI ANAFUNGUA BOMBA?

Mkunga wetu alianza na somo dogo ambalo lilinitoa hofu nusu nzima. Amri ya kutengeneza maziwa mengi inatoka pale kondo la nyuma linapotoka. Kondo likishatoka, homoni ya projesteroni inashuka ghafla, na prolaktini, yaani homoni ya maziwa, inapata nafasi ya kufanya kazi yake. Sasa jiulize: aliyepasuliwa, kondo lake halitoki? Linatoka! Mwili unapata taarifa ileile.

Ila tusidanganyane, tofauti ipo. Kwa akina mama wengi maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Ukijifungua kwa operesheni, hasa kama uchungu haukuanza kabisa, yanaweza kuchelewa kidogo. Maumivu ya kidonda, uchovu, mama na mtoto kulazwa mbalimbali, na mtoto kuchelewa kuwekwa kwenye ziwa, vyote vinachangia. Kuchelewa lakini si kukosa. Na katika hizo siku za mwanzo mtoto hakai bure: anapata dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano yenye kinga nyingi. Siku ya kwanza mtoto anahitaji kidogo tu kwa kila mlo, kama kijiko kimoja cha chai. Tumbo lake lenyewe ni dogo, usilipimie kwa chupa.

SAA YA KWANZA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Wengi tunadhani ushauri huo ni wa waliosukuma tu. Hapana. Ukichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni unakuwa macho, unasikia kila kitu, unaongea. Kama wewe na mtoto mko salama, anaweza kuwekwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mapema kabisa.

Tatizo ni kwamba usiposema, mara nyingi mtoto anafunikwa blanketi na kupelekwa pembeni. Sisi tulisema mapema kliniki, tukarudia asubuhi ya operesheni. Nilipokuwa nashonwa, nesi alimtoa binti yetu kwa baba yake nje. Mume wangu, mtu wa suti na tai, alifungua vifungo vya shati palepale kwenye benchi la korido, akambeba kifuani. Aliniambia baadaye kwamba mama mmoja aliyekuwa amekaa jirani alicheka mpaka akafuta machozi. Na acheke! Mtoto alibaki na joto, akatulia, na nilipofikishwa chumba cha mapumziko alikuja kwangu akiwa anatafuta ziwa kwa mdomo.

UNAMSHIKAJE NA KIDONDA KILE?

Hapa ndipo vita ilipo. Ganzi ikiisha, tumbo lako halitaki kuguswa hata na khanga. Ule mkao wa kumlaza mtoto mapajani tunaouona kwenye mabango unaweza kukutoa machozi. Nesi wa zamu ya usiku alinifundisha mikao miwili iliyoniokoa.

Wa kwanza ni wa kwapani. Unakaa wima, unaweka mto ubavuni, mtoto analala juu ya mto upande wako, miguu yake imeelekea mgongoni kwako kama vile umebana pochi kwapani. Kiganja chako kinashika shingo na mabega yake. Hagusi kidonda hata kidogo.

Wa pili ni wa kulala ubavu. Wewe na mtoto mnatazamana, tumbo lake kwa tumbo lako, kitaulo kimekunjwa na kuwekwa mbele ya kidonda ili akirusha miguu asikupige. Mkao huu ni mtamu usiku, ila uwe na mtu macho karibu. Dawa za maumivu na uchovu vinaweza kukupitisha usingizini bila kujua.

Na kuhusu dawa: nilitaka kuvumilia maumivu nikidhani nitamlinda mtoto. Nesi akaniambia maumivu yenyewe yanazuia maziwa kushuka. Parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki kwa kawaida zinatumika kwa mama anayenyonyesha. Kodeini ndiyo ya kuogopwa, maana inaweza kumlewesha mtoto. Mwambie daktari wako kwamba unanyonyesha kabla hajaandika chochote.

USIKU WA TATU

Siku ya tatu binti yetu alipimwa. Alizaliwa na kilo 3.4, mzani ukasoma 3.1. Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Moshi na ndizi zake, na aliposikia namba hiyo alikaa kitandani kwangu, akanishika mkono.

"Mwanangu, mtoto anakonda. Hayo maziwa hayapo. Apewe maji ya sukari, au baba yake akanunue kopo."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa, na mimi pia nilikuwa naogopa. Ziwa lilikuwa laini kama jana yake. Mtoto alikuwa ananyonya dakika 5 analala, akiamka analia. Mume wangu alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ananitazama mimi, anamtazama mama yake. Wasomaji mlio kwenye ndoa mnaujua mtazamo huo.

Mwishowe alisema, "Mama, naomba kwanza tumwite nesi. Akisema kopo, nakwenda saa hii."

Nesi alikuja, akapiga hesabu mbele yetu. Mtoto mchanga kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida. Kengele ya hatari hugonga akikaribia au kupita asilimia 10. Wetu alikuwa amepungua kama asilimia 9. Halafu akaeleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa analijua: dripu ninazowekewa kabla na wakati wa operesheni, maji yake mengine humfikia mtoto tumboni. Anazaliwa na uzito wa maji, anaukojoa, mzani unashuka. Akakagua pampasi, akamtazama mtoto macho na ngozi kama kuna umanjano, akamkagua mdomo. Akasema tuna saa 24 za kufanya kazi, kisha tutapima tena, na ikibidi mtoto aongezewe maziwa ataongezewa kwa mpango, bila aibu yoyote.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mtoto avuliwe nguo, abaki na pampasi, awekwe kifuani. Anyonye kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku, asiachwe kulala moja kwa moja. Akisinzia akiwa kwenye ziwa, nibonyeze ziwa taratibu ili maziwa yamfikie. Akimaliza, nikamue kwa mkono dang'a iliyobaki kwenye kikombe kidogo kisafi, naye apewe kwa kijiko. Maji ya sukari marufuku: yanajaza tumbo, hayajengi mwili, na mtoto aliyeshiba maji hanyonyi. Na ziwa lisiponyonywa linapunguza kutengeneza.

Usiku ule hatukulala. Alfajiri ya siku ya nne niliamka gauni limelowa kifuani, maziwa magumu kama mawe. Nililia. Mama mkwe naye alilia, kisha akaenda kupika mtori. Kipimo cha jioni: kilo 3.15. Siku ya 12 alikuwa amepita uzito aliozaliwa nao.

BABA, KAZI YAKO HII

Kaka zangu, hamna maziwa, ila mna kila kitu kingine. Mama aliyepasuliwa hawezi kuinuka kitandani mara 10 kwa usiku. Mume wangu alijipangia zamu: kumtoa mtoto kitandani kwake, kumbadilisha pampasi, kunipa, kumcheulisha, kumrudisha. Maji ya kunywa pembeni yangu muda wote. Na aliandika kwenye daftari kila alivyonyonya na kila pampasi iliyolowa.

Kazi yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi: kusema na mama yake. Mama mkwe alitaka kunikanda maji ya moto tumboni, kama alivyokandwa yeye. Kwa mtu mwenye mshono kwenye ngozi na kwenye mfuko wa uzazi, hapana, ni hatari. Lakini mimi mkwe nimwambie nini mama? Alisema yeye: "Mama, daktari amekataza kabisa kukanda. Ila uji wa pilipili manga na mtori amesema ale ashibe." Mama akapewa jiko, heshima ikabaki, kidonda kikapona. Mtori haujazi maziwa kwa miujiza, kinachojaza ni kunyonya, lakini mama aliyeshiba na kupendwa ana nguvu ya kunyonyesha.

DALILI ZA KUFUATILIA

- Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24.
- Kinyesi cheusi cha mwanzo kibadilike na kuwa cha njano kufikia siku ya nne au ya tano.
- Kuanzia siku ya tano au ya sita apate pampasi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku.
- Uzito wa kuzaliwa urudi ndani ya wiki 2.
- Mrudishe hospitali haraka kama haamki kunyonya, hakojoi, ana umanjano unaozidi au homa. Na wewe rudi kama una homa, kidonda kinatoa usaha, au ziwa ni jekundu na linauma.

NA KAZINI JE?

Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kunashauriwa kwa miezi 6, kisha pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Piga hesabu: siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 bado! Ila sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Wengi hatuziombi kwa sababu hatuzijui. Baba naye ana likizo ya angalau siku 3, ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Chache, kwa hiyo akiweza aongezee siku za likizo yake ya mwaka, maana siku ya nne ndiyo anahitajika zaidi.

Mimi nilizitumia saa zangu 2 kutoka ofisini mapema, na mchana nilikamua. Maziwa ya mama yanakaa kwenye friji hadi siku 4. Kwenye joto la Dar usiyaache mezani, yaingize kwenye baridi mara moja.

Mwisho, dada: ukiwa umefanya yote haya na bado daktari akasema mtoto anahitaji nyongeza, mpe. Wapo wanaoongezewa kwa muda na wakarudi kwenye ziwa peke yake. Lakini uamuzi huo utoke kwenye mzani na kwa mtaalamu, usitoke kwenye maneno ya saluni. Na kabla hujaingia chumba cha upasuaji, kaeni wawili nyumbani mpange: nani atamwomba nesi ampe mtoto, nani atakuwa macho usiku wa tatu, na nani atazungumza na mama.