Je, Wajua? Bustani Yako Ina Vibarua wa Bure

Wewe wa Airport, hapo Changamwe, uliyeinama na jembe huku ndege zikikupita juu ya paa, hebu nyoosha mgongo kidogo. Kazi hiyo ina wenyewe!

Je, wajua jongoo ameshiriki kuumba msitu? Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, penye mawe matupu. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake yakagoma kuoza, basi wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu: wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo hapo ni Haller Park, na twiga wanatembea! Nawe ukimwona jongoo, wakimbilia fagio?

Wajua kuwa unavuta mbolea puani? Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Kunde, zikisaidiwa na bakteria wa mizizini, huichota hewani zikajilisha zenyewe. Mbolea ya dukani ya nini tena?

Na mnyoo je? Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha kitabu kizima juu yake. Alikadiria kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza, zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari hupita matumboni mwa minyoo kila mwaka. Jembe lako laweza hayo?

Wajua magugu mengi hayaoti bila mwanga? Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi juu ya udongo, mbegu zake zitalala gizani. Na maji hayatakauka upesi. Palizi umeipunguza ukiwa umekaa!

Ajabu nyingine hii: zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Wachina walifukia vyungu vya udongo kando ya mimea. Maji hupenya taratibu kwenye kuta za chungu hadi mizizini. Jaza, funika mdomo mbu wasizalie humo, kisha kalale.

Sasa tupige hesabu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati la mita 20 za mraba, hiyo ni lita 200: mitungi 10 ya lita 20, bila mkokoteni! Wajua kwamba maji ya chemchemi za Mzima husafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo hadi Mombasa? Ya mbinguni yanakudondokea mlangoni.

Wajua nzige wa jangwani, mlafi yule, huyakataa majani ya mwarobaini? Yaponde, yaloweke usiku kucha, uchuje, unyunyizie mboga. Wadudu wengi watasusia chakula.

Huna hata mbegu? Kiazi kitamu huota kwa kipande cha shina tu, kisha kikatambaa na kuufunika udongo chenyewe. Mlonge nao huota kwa tawi lililochomekwa ardhini, na waweza kupita mita 3 kwa mwaka mmoja. Chomeka, ondoka, rudi na kikapu!

Basi leo usiyachome majani makavu, na jongoo usimfagie. Waache vibarua wako wafanye kazi. Hawaombi hata nauli.