Lete Mkoba Nikushikie

Ukitaka kuuona ukali wa watu wa Dar es Salaam, simama kituo cha Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto saa 12 asubuhi, gari linapoingia tupu. Foleni hakuna. Mlango haujafunguka sawasawa, watu wameshauning'inia. Wengine wanapitisha mikoba dirishani ili kuwahi siti, wengine wanapita hukohuko dirishani wao wenyewe. Viwiko vinafanya kazi, viatu vinavuka, mashati yanachomoka. Mama mwenye mtoto mgongoni anarudi nyuma kungoja gari jingine. Mgeni akiishia hapo kituoni ataondoka na hukumu yake juu ya jiji hili, na sitamlaumu.

Lakini apande. Gari likishajaa na konda akishagonga bodi, angoje dakika mbili tu. Yule kijana aliyewapiga wenzake vikumbo akapata siti ya dirishani atainua macho. Atamwona dada aliyesimama karibu yake, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umezuia mkoba usiwagonge waliokaa. "Dada, lete mkoba nikushikie." Dada anauvua begani na kumpa. Hawajuani, wala hawataulizana majina. Mkoba unakaa magotini pa kijana hadi Kariakoo, naye anaushika kwa mikono miwili kama kitu cha mama yake.

Ni mtu yuleyule, asubuhi ileile. Hapo ndipo wengi tunapokosea tunaposema kwamba watu wa mjini hawana utu. Tunahesabu viwiko vya mlangoni, halafu tunasahau magoti yaliyobeba mizigo ya watu njia nzima. Kiwiko kinauma, kwa hiyo kinafika nyumbani na kusimuliwa mezani. Goti lililokupokelea mkoba halikuuma popote, na jioni ukiulizwa safari ilikuwaje unajibu kwamba watu walikuwa wengi, basi.

Tafakari basi ni nini hasa kinachokabidhiwa pale. Jiji hili lina vibaka, na kila abiria wa daladala anajua. Ndiyo maana kijana wa chuo hulivaa begi lake kifuani badala ya mgongoni, na mama hubana pochi kwapani kuanzia anaposhuka bodaboda. Begi hilohilo lililolindwa hivyo kituoni, lenye simu, vitambulisho, pengine na fedha ya kodi ya nyumba, linapewa mtu asiyejulikana kwa sababu tu amenyoosha mkono na kusema "lete". Mpokeaji naye anapokea wajibu ambao hakuna aliyemfundisha shuleni. Hafungui zipu. Hauweki mzigo chini penye matope. Akifika kituo chake kabla ya mwenye begi, halirushi tu, humkabidhi jirani yake na kumwonyesha mwenyewe kwa kidole: "La yule kaka pale." Jirani anaitikia kwa kichwa na ulinzi unaendelea. Nimeona mfuko wa samaki wa Feri, unaochuruza maji, ukipokewa na mtu aliyevaa suruali ya ofisini; alitandika gazeti magotini kwanza, kisha akasema, "Weka tu, mama."

Na watoto je? "Nipakatie, dada yangu," anasema mama aliyesimama, na mtoto wa miaka mitatu anahamia mapajani pa mtu ambaye hajawahi kumwona. Mara nyingi mama hata hahitaji kuomba. Mtoto anakodoa macho, anamtafuta mama yake, anamwona, anatulia. Wengine husinzia. Mpakataji hukaa bila kusogea hadi mguu ufe ganzi, asije akamwamsha.

Mambo haya hayakuanza jana. Kabla ya daladala kuruhusiwa rasmi mwaka 1983, usafiri wa umma wa jiji ulikuwa mikononi mwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoundwa mwaka 1974. Wazee wanayakumbuka mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyopewa jina la kumbakumba. Mabasi yalipopungua kwa ubovu na uhaba wa vipuri, yaliibuka magari yaliyobeba abiria bila kibali, yaliyoitwa chai maharage, yenye mabenchi mawili ambayo abiria walikaa wakitazamana kama wateja wa mgahawa. Ndipo zikaja daladala zenyewe, zikibeba jina la sarafu ya shilingi 5 ambayo mitaani iliitwa dala. Katika vipindi vyote hivyo siti zimekuwa chache kuliko watu, na leo mkoa una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022. Waliokaa wamekuwa na deni kwa waliosimama miaka yote hiyo, na wamelilipa kwa magoti.

Mwaka 2020, wakati wa korona, daladala ziliagizwa kubeba abiria "level siti", yaani waliokaa tu. Ndani kulikuwa na nafasi na hewa, na kila mtu alikaa na mzigo wake. Wengi walifurahia, hata mimi nilifurahia. Lakini vituoni watu walikesha, na mwenye nguvu ndiye aliyeondoka. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: wema wa abiria hauhalalishi kubanana. Jiji linapaswa kuwa na magari ya kutosha, na mama mjamzito hapaswi kutegemea huruma ya mtu aliyewahi dirishani. Ninachosema ni kwamba watu wasipopewa nafasi ya kutosha, hujitengenezea nafasi ndogo kwenye mapaja yao. Hilo linastahili kutajwa kwa heshima, tena na wale wanaopanga usafiri wa jiji.

Wema mwingine ni mgumu kuuona kwa sababu unafanywa na watu tuliozoea kuwalaumu. Chukua konda. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, wakati mtu mzima analipa mara tatu ya hiyo au zaidi. Konda na dereva wana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari kila siku, haipungui hata kama mvua imenyesha au trafiki amewasimamisha. Kwanza mafuta, kisha hesabu. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Kila nafasi anayosimama mwanafunzi inaigusa sufuria ya mtu. Hiyo haiwapi haki ya kuwasukuma watoto vituoni, na wanaofanya hivyo wachukuliwe hatua. Lakini inatufundisha uzito wa kile anachokifanya yule anayesema, "Wanafunzi pandeni, sogeeni nyuma." Neno hilo linamgharimu. Tukishuka bila hata kumwitikia, tunadhani ametimiza sheria tu, kumbe ametoa mfukoni.

Yupo pia abiria wa siti ya nyuma anayesema taratibu, "Konda, kata na ya huyu denti," huku akitoa noti moja na kutazama nje ili mtoto asione haya. Wapo wale wanaopitisha nauli mkono kwa mkono kutoka siti ya mwisho hadi mlangoni, na chenji inarudi kwa njia ileile. Yupo anayekuamsha: "Anko, si ulisema Tazara?"

Kushukuru hakuhitaji hotuba. Mtazame mtu usoni unapopokea mkoba wako, sema ahsante kwa sauti, na ukifika nyumbani msimulie mtoto kwamba leo mtu fulani alikushikia mzigo tangu Mtoni hadi Kariakoo. Watoto hujifunza jiji lao kwa habari tunazozileta jioni. Tukileta za viwiko peke yake, watajifunza kujihami tu.

Mimi nina deni moja ninalotaka kulilipa hapa. Ilikuwa jioni ya masika, Buguruni, mvua inamwagika na magari yanapita yamejaa. Mwanafunzi wa shule ya msingi amelowa chapachapa, mkononi ana shilingi 100. Makonda wawili walishamkataa. Wa tatu alimtazama, akairudisha ile mia kwenye kiganja chake, akamnyanyua na kumkalisha mbele karibu na dereva, juu ya injini, penye joto. Nafasi ile angeweza kukaa mtu mzima. Tulipofika Banana aliita, "Mwanafunzi wangu, umefika," akashuka naye, akambeba kuvuka mtaro uliofurika, kisha akakimbilia gari lililokuwa limeanza kuondoka. Akaendelea kudai nauli, suruali imelowa hadi magotini. Kama gazeti hili limekufikia ukiwa unangoja zamu yako ya kupakia: ahsante sana, kaka, na pole kwa hesabu ya siku ile.